Mnyama wa kuogopa Riverside ni mto wenyewe

Swali: "Mwalimu, hujambo? Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa hapa Spokane, jimbo la Washington, mwaka wa pili sasa. Tulitoka Baraka, kule Fizi, Kongo, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka 13 kabla ya kuletwa Marekani. Shuleni watoto wameambiwa kuna hifadhi kubwa kando ya mto, inaitwa Riverside, ina wanyama. Kila Jumamosi wananililia twende. Baba yao hataki, anasema kuna dubu na simba wa milimani. Mimi naogopa na pesa za kuingilia. Je, ni salama? Tutaona nini? Tunaweza kuvua samaki na kuchoma nyama? Na mama mkwe wangu ana magoti mabaya, ndiyo tumwache nyumbani?"

Jibu:

Sijambo, dada yangu. Mwambie shemeji kwamba hajadanganya mtu. Dubu weusi hupita Riverside, na huyo anayemwita simba wa milimani, yaani puma, naye hupita. Mimi nimekulia Mloka, ukingoni mwa Rufiji, nikapeleka wageni kwenye hifadhi ya Selous kabla ya kuhamia huku, kwa hiyo mtu akiniambia kuna simba huwa simcheki. Ila kwa miaka 11 niliyotembeza watu hapa sijawahi kumwona puma hata mmoja. Nyayo zake nimeziona mara moja, mwezi wa kwanza, kwenye theluji, na zilikuwa zikielekea mbali na njia.

Kinachoua watu pale ni maji. Ndiyo maana nitaanza na mto kabla ya wanyama, maana watoto waliokulia kambini, mbali na Ziwa Tanganyika, huenda hawajui kuogelea.

Mto Spokane unatoka Ziwa Coeur d'Alene, ng'ambo ya mpaka wa jimbo jirani la Idaho. Unapita katikati ya mji wetu, unashuka kwenye maporomoko unayoyajua pale mjini, kisha unaingia hifadhini. Theluji ya milimani huyeyuka kuanzia Aprili hadi Juni, na mto hujaa wakati huohuo ambao jua linaanza kuwaka na watoto wanataka kuvua viatu. Mtego uko hapo. Juu kuna joto la kuvaa fulana, chini maji ni theluji ya juzi. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa tano, niliingiza miguu kwa mazoea ya Rufiji; dakika haikuisha nikawa sivihisi vidole. Mtu akitumbukia katika maji ya baridi kiasi hicho huvuta pumzi ghafla bila kutaka, na kama kichwa kimezama anavuta maji. Akinusurika hapo, baada ya dakika chache mikono inaisha nguvu, hata kama ni mwogeleaji hodari. Na Spokane si mto wa kutambaa kama Rufiji ya kiangazi. Ndani ya hifadhi unabanwa na majabali, mkondo unakimbilia kwenye mawe.

Basi weka sharti moja mapema, kabla hamjatoka nyumbani: mtoto hashuki ukingoni bila mkubwa kumshika mkono, mwezi wowote. Wakitaka kuogelea wapeleke Nine Mile, sehemu ya hifadhi iliyo kwenye Ziwa Spokane, ambako maji yametulia kwa sababu ya bwawa lililo chini yake, na kuna ufukwe wa kuogelea. Nenda Julai au mwanzoni mwa Agosti. Mwishoni mwa kiangazi maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, msiingie. Ule mwani una sumu. Mkipanda kayaki au mtumbwi, sheria ya jimbo inataka mtoto wa miaka 12 kushuka chini awe amevaa jaketi la kuokolea muda wote. Mimi nalivaa na nina mvi.

Sasa pesa, maana hili ni rahisi kuliko ulivyofikiri. Hulipii vichwa, unalipia gari. Kibali kinaitwa Discover Pass: dola 10 kwa siku, au cha mwaka ambacho kilikuwa dola 30 hadi kilipopandishwa kuwa 45 Oktoba 2025. Gari likijaa watu saba, ni kibali kimoja. Cha mwaka kina nafasi ya kuandika namba za magari mawili, kwa hiyo wewe na jirani mnaweza kuchangiana, mradi msikitumie wakati mmoja. Ukiegesha bila kibali faini ni dola 99, na askari wa hifadhi hupita kweli kukagua vioo. Atakayefika kwa miguu au baiskeli hadaiwi kitu. Halafu kuna siri ambayo wageni wengi hawaijui: maktaba nyingi za jimbo hili huazimisha kibali hicho kama zinavyoazimisha kitabu, ndani ya begi lenye darubini na vitabu vya kutambua wanyama. Unahitaji kadi ya maktaba tu. Watoto wako bila shaka wanayo. Zipo pia siku chache kila mwaka ambazo hifadhi zote za jimbo hazidai kibali, kwa mfano Januari 1 na Aprili 22.

Hifadhi yenyewe ilianzishwa 1933, ina zaidi ya ekari 9,000, na haiko mahali pamoja. Imetandazwa kufuata mito miwili, Spokane na mdogo wake, Little Spokane. Wageni wengi huishia Bowl and Pitcher, robo saa hivi kwa gari kutoka mjini, na kwa safari ya kwanza nawe anzia hapo. Jina maana yake bakuli na jagi, kwa sababu ya majabali mawili makubwa mtoni. Bakuli nimeshalikubali; jagi nalitazama kwa heshima tu. Hapo kuna daraja la kuning'inia, la kwanza lilijengwa na vijana walioajiriwa na serikali ya Rais Roosevelt miaka ile ya 1930 wakati kazi zilipokuwa hazipatikani. Linatikisika kidogo mkipita. Mtoto wako mdogo atalipenda, wa pili atalia, kisha watabadilishana.

Wakiuliza mawe yale meusi yametoka wapi, waambie ni moto na maji. Kama miaka milioni 16 iliyopita uji wa moto ulitoka kwenye nyufa za ardhi ukafunika sehemu hii yote, ukapoa ukawa mwamba. Kisha, mwishoni mwa zama za barafu, ziwa kubwa la huko Montana lililozuiwa na ukuta wa barafu lilikuwa likivunja ukuta huo na kumwagika upande huu, si mara moja, mara nyingi. Mafuriko hayo ndiyo yaliyochimba bonde na kuacha majabali yamesimama.

Juu ya mawe hayohayo utamwona mnyama ambaye nadhani atakuwa wa kwanza kwenu. Umewahi kumwona pimbi akiota jua mwambani? Huyu anakaa vilevile, ni mnene, rangi ya udongo, tumbo la njano, na akishtuka anapiga mluzi. Anaitwa marmoti. Si ndugu wa pimbi hata kidogo, ni jamaa ya kindi, lakini maisha ya mawe yamewafanya wafanane tabia. Hutoka shimoni Februari au Machi, hula majani hadi ajae mafuta, na kufikia mwisho wa Agosti wengi wamesharudi chini kulala hadi mwaka mwingine. Kwa hiyo mkienda Oktoba msimtafute. Na msimpe chapati, hata akija hadi kwenye mkeka, anakuja kweli.

Swala wa mkia mweupe ni wengi, hasa alfajiri na jioni, na bata mzinga wa porini mtawakuta njiani wakitembea kama wenye nyumba. Mwezi wa sita mkimkuta mtoto wa swala amelala peke yake nyasini, msimguse wala msimwokoe. Hajatupwa. Mama yake amemficha akaenda kula, na atarudi mkiondoka. Koyote, wa jamii ya mbweha, mtamsikia zaidi ya kumwona. Mtoni kuna biva, yule anayekata miti kwa meno, na ukibahatika fisi maji, ambaye kule Tanganyika mnamjua.

Kwa ndege uwezekano ni mkubwa zaidi, nami nakiri upendeleo. Kuanzia mwanzo wa Aprili hadi Septemba angalia juu ya maji: kuna ndege mkubwa, kifua cheupe, anayesimama hewani akipiga mbawa kisha anajitupa mtoni miguu mbele na kuibuka na samaki. Ndiye osprei. Wenzake wa Ulaya huja kukaa maziwa na mito ya Afrika wakati wa baridi ya kwao, kwa hiyo wazee wa Baraka huenda wamemwona. Na yule tai mwenye kichwa cheupe aliye kwenye pesa na pasipoti za Marekani, mtazame vizuri: ni ndugu wa karibu wa tai mla samaki wetu, yule anayelia juu ya mti kando ya ziwa. Wa kwetu ana sauti ya kifalme. Wa hapa, samahani kwa Wamarekani, analia kama kifaranga. Mkitaka kuwaona wengi kwa pamoja, nendeni Ziwa Coeur d'Alene kati ya Novemba na Januari, wanakusanyika kula samaki.

Ila mahali pangu hasa ni Little Spokane. Mto huu mdogo unalishwa na maji ya chini ya ardhi, unakwenda polepole, hauishi maji kiangazi. Korongo wakubwa wa kijivu wameweka viota juu ya mipopla mirefu, na wakati wa majira ya machipuko utasikia makinda yakigombania chakula kabla hujaona kiota. Eneo hili lina masharti makali kuliko mengine: mbwa haruhusiwi, kuogelea hakuruhusiwi, kuelea na matairi hakuruhusiwi, pombe hairuhusiwi. Wapo wanaolalamika. Mimi naona ndiyo sababu korongo bado wapo. Kwa miguu kuna njia inayoanzia kwenye mwamba wenye michoro ya kale ya wenyeji, michoro myekundu iliyozungushiwa kizuizi. Watoto wasiiguse, hata uzio wasiuparamie. Ni mahali pa heshima kwa watu wa kabila la Spokane, na wazao wao wanaishi hapahapa.

Huko Little Spokane ndiko kuna mnyama ninayemhofia kuliko dubu. Anaitwa musi. Ni wa jamii ya swala wa huku, lakini mpime na pofu mkubwa kisha umwongeze urefu wa miguu. Anasimama majini akila majani, anaonekana mpole, mzembe hata. Watu humkaribia wapige picha. Mwenye ndama, Mei na Juni, hana mzaha. Akilaza masikio nyuma na nywele za bega zikasimama, amekwisha kuamua. Hapo kimbieni, mjifiche nyuma ya mti mnene. Huyu akiona mmeondoka kwa kawaida huacha. Kwa puma ni kinyume: usikimbie, usimpe mgongo, beba mtoto mdogo bila kuinama sana, nyanyua mikono uonekane mkubwa, piga kelele. Dubu mweusi naye msemesheni kwa sauti mkirudi nyuma taratibu. Kwa familia yenye watoto wanne wanaopiga gumzo, dubu atakuwa ameondoka dakika kumi kabla ninyi hamjafika.

Wadudu na majani yatakusumbueni zaidi. Kupe wako wengi Machi hadi Juni: vaeni suruali ndefu, ziingizeni kwenye soksi, na usiku kagua watoto nyuma ya masikio na kwenye nywele. Karibu na mawe ya mtoni kuna mmea wa majani matatumatatu unaowasha ngozi kwa siku nyingi, basi msichume majani yoyote kwa kudhani yanafanana na mboga ya nyumbani. Nyoka wa njuga yupo ila ni nadra. Mtoto asitie mkono kwenye ufa wa mwamba asioweza kuuona ndani.

Namna ya kutazama nayo ina ufundi wake, na ndiyo kosa ninaloliona kila wikendi. Watu wanatembea maili tano kwa mwendo wa kuwahi basi, kisha wanasema hakuna wanyama. Aliyenifundisha kazi Selous alikuwa ananikalisha mahali pamoja kwenye kona ya mto saa nzima, bila kusema neno. Wanyama wote wanakunywa; ukikaa penye maji unawasubiri mahali watakapokuja wenyewe. Fanya hivyo. Fikeni mapema kadiri geti linavyoruhusu, maana mwezi wa sita hapa kunakucha kabla ya saa 11 alfajiri na joto likipanda wote wanajificha. Chagueni kona ya mto yenye kivuli, upepo ukiwapiga usoni. Kaeni dakika 20. Mpe kila mtoto kazi: mmoja asikilize, mmoja atazame juu, mmoja maji, mmoja ng'ambo. Dakika tano za mwanzo watakuwa wanachezacheza. Kuanzia ya kumi utashangaa. Darubini ya dola 30 inatosha, simu haitoshi.

Samaki. Hapa nisikilize vizuri, dada, na shemeji asome mwenyewe. Najua kwenu mukeke na ndagala ni chakula cha kila siku, na mto ukipita karibu na nyumba mtu anaona ni deni kutovua. Kuvua kunaruhusiwa kwa leseni, na kila mwenye miaka 15 na zaidi anaihitaji. Lakini mto huu una historia mbaya. Kwa zaidi ya miaka 100 migodi ya fedha, risasi na zinki huko Idaho iliacha taka zake zikashuka na maji, na viwanda viliongeza kemikali ziitwazo PCB, ambazo hukaa kwenye mafuta ya samaki. Kutoka mpaka wa Idaho hadi bwawa la Upriver, juu ya mji, idara ya afya ya jimbo inasema usile samaki yeyote. Chini ya hapo, ikiwemo sehemu ya hifadhi, inaweka kikomo cha milo kwa mwezi kwa kila aina ya samaki, na wajawazito na watoto ndio wanaotakiwa kuwa waangalifu zaidi. Trauti, samaki wa maji baridi, wa asili wa mto huu lazima arudishwe majini. Kwa hiyo ushauri wangu: Riverside vueni kwa mchezo, kula msile. Shemeji akitaka samaki wa sufuria aende maziwa kama Fishtrap au Badger, ambako serikali hupandikiza trauti na msimu hufunguliwa mwishoni mwa Aprili. Na watoto wakichezea mchanga wa mtoni, nawisheni mikono kabla ya kula.

Zamani mto huu haukuwa hivi. Samoni walipanda mto huu kutoka baharini kwa maelfu, na ndipo wenyeji walipokutana kuvua na kukausha. Ndiyo maana wafanyabiashara wa ngozi walijenga kituo chao, Spokane House, mwaka 1810 pale mito miwili inapoungana. Mahali penyewe pamo ndani ya hifadhi mkitaka kupaona. Bwawa la Little Falls lilifunga njia ya samoni mwaka 1911, na baadaye bwawa la Grand Coulee likafunga mto mkuu, Columbia, ambao Spokane unaingia. Sasa kabila la Spokane na makabila jirani wameanza kuwarudisha samaki hao kidogokidogo. Ningeomba watoto wako walijue hilo, kwa kuwa nao ni watoto wa watu wa ziwa.

Nyama mtachoma, ila kwenye majiko na mashimo ya moto yaliyowekwa, si penye nyasi. Misonobari ile ikikauka ni petroli iliyosimama. Julai hadi Septemba mara nyingi hupigwa marufuku moto wa kuni na mkaa pia, basi siku hiyo soma tangazo getini kabla hujashusha jiko, au pika nyumbani ubebe kwenye chungu. Mifupa na mabaki rudini nayo au tieni kwenye mapipa yenye vifuniko vya kuzuia dubu.

Bibi msimwache. Njia ya lami ya Centennial, inayotoka mpaka wa Idaho kwa maili 40 hivi, inapita hifadhini, na kiti cha magurudumu kinateleza vizuri juu yake. Kama hataki kiti, pale Bowl and Pitcher meza za kulia ziko karibu na maegesho, na ukingo wenye uzio unatazama mto na daraja lote. Marmoti wako hapohapo mbele, osprei anapita juu. Mtafutieni upande wenye kivuli, mumwekee mto wa kuegemea mgongo, na darubini apewe yeye kwanza kabla watoto hawajaanza kuigombania.